Mawindo Huanzia Jikoni

Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na tangu hapo mlango wa swaidi na dhabihu umekuwa ni mlango wa fiqhi unaosomwa madrasani, ukafahamika, kisha ukafungwa pamoja na kitabu chake. Mwanafunzi huzihifadhi hukumu za mshale na za mbwa aliyefunzwa, naye hajapata kumwona mwindaji kwa macho yake. Lakini aila zetu leo zimetawanyika duniani, na wako watoto wa Mombasa, Malindi na Lamu wanaoishi katika nchi ambazo kuwinda kunaruhusiwa, kuna msimu wake, leseni yake na mipaka yake. Kwao wao mlango ule wa kitabuni ni mlango wa jikoni, na maswali yake hutufikia kila mwaka.

Tumeona basi tuwaandikie wasomaji wetu, khasa mama zetu na dada zetu, habari ya safari tuliyoifuata mwaka jana katika magharibi ya Marekani. Safari ile haikuwa ya kuwinda, bali ya kuchagua. Swali lake lilikuwa moja: mtu anayetoka katika jimbo lake kwenda kuwinda katika jimbo la wengine, achague mahali gani, na achague kwa mizani ipi?

Ramadhani ya mwaka 1446, iliyoangukia Machi 2025, tulialikwa Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, kusaidia darsa na swala za usiku. Mji huo una Waislamu wengi wa asili ya Afrika Mashariki, na tangu mwaka 2023 baraza lake liliruhusu adhana itolewe kwa vipaza sauti katika nyakati zote tano. Tulikaa katika nyumba ya mzaliwa mmoja wa Mombasa, yeye na mkewe, kijana wao wa miaka kumi na sita, na mama yake mzazi, Bi Mkubwa, aliyezaliwa na kulelewa Witu.

Mwenyeji wetu amekuwa akiwinda kwa miaka kadhaa kulungu wa Minnesota, yule mwenye mkia mweupe, pamoja na ndugu mmoja Mmarekani aliyesilimu, ambaye alifunzwa kuwinda na babake tangu utotoni. Mwaka huo alitia nia ya kwenda magharibi kumtafuta kulungu wa aina nyingine. Wamarekani humwita kwa jina la baghala, yule mzaliwa wa punda na farasi, kwa sababu ya masikio yake marefu yanayogeuka huku na huku. Mkia wake ni mwembamba wenye ncha nyeusi. Pembe za dume hugawanyika panda, na kila panda hugawanyika tena. Akishtuka hakimbii kwa kujinyoosha kama wengine, bali huruka kwa miguu yote minne kwa pamoja, mfano wa mpira unaodunda, akapanda mlima namna hiyo mpaka akapotea. Makazi yake ni milima na nyika kavu za magharibi.

Sababu za kumtaka zilikuwa mbili, na hazikuwa sawa. Mwenyeji wetu alikuwa ameona picha za madume wenye pembe pana kama mikono ya mtu mzima iliyonyooshwa, na moyo wake ulikuwa umeingiliwa na picha hizo. Bi Mkubwa alikuwa na sababu yake. Alipokuwa binti mdogo, kabla ya marufuku, nyama ya mwitu iliingia nyumbani kwao Witu, ikapikwa kwa nazi na ndimu. Ughaibuni nyama ya dukani humtia shaka, hata ikiwa na karatasi ya halali. Alitaka kula tena nyama ya mnyama aliyekula majani ya Mungu, aliyesomewa jina la Mungu na mtu anayemjua. Mwanawe alipomwonyesha picha za pembe katika simu, alizitazama kwa adabu, kisha akasema, "Mwanangu, pembe hazipikiki."

Neno hilo lilikuwa na fiqhi ndani yake. Mtume (S.A.W.) amekataza kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha ya mchezo, na wanavyuoni wamechukia uwindaji usiokuwa na haja isipokuwa pumbao. Imepokewa pia tahadhari kwamba anayeyafuata mawindo hughafilika. Kuwinda kwa ajili ya kula ni halali kwa Kitabu na Sunna. Kwa hiyo nia ndiyo inayotangulia, na nia ikiwa ni chakula, basi mahali pa kuwinda hapachaguliwi kwa pembe, huchaguliwa kwa sufuria.

Baada ya tarawehe ramani ilitandikwa juu ya busati, na chai ya tangawizi ikawekwa pembeni yake. Majimbo yaliyokuwa yakizungumzwa ni matatu: Colorado, Nevada na Wyoming. Ni lazima tueleze hapa kwamba mgeni wa jimbo hanunui leseni kama anavyonunua mkate. Kila jimbo huwahesabu wanyama wake, likaweka idadi ya leseni, na sehemu ndogo tu ya leseni hizo wakapewa watu wa nje, kwa bei iliyo mara nyingi zaidi ya ile ya wenyeji. Waombaji wakizidi, hupigwa kura.

Mke wa mwenyeji wetu, ambaye ni muuguzi na ni mtu wa kupima mambo, alituuliza papo hapo, "Maalim, kura hii si kamari?" Tukamjibu kwamba sivyo. Kamari ni watu kuweka mali zao ili mmoja ale mali ya mwenzake. Hapa serikali inagawa kitu kichache baina ya watu wengi wenye haki sawa, na asiyepata hurudishiwa fedha za leseni, ikabaki ada ndogo ya kushughulikia maombi. Hii ni kura ya kugawa, na Mtume (S.A.W.) mwenyewe alikuwa akipiga kura baina ya wake zake alipotaka kusafiri. Aliridhika, akafungua daftari, akaandika maswali matatu ambayo yalituongoza mpaka mwisho wa safari. La kwanza: mnyama akipigwa, mtamfikia? La pili: nyama yake ni salama? La tatu: ardhi ni ya nani?

Colorado ndiyo iliyotajwa mwanzo, kwa kuwa ina kulungu hawa kwa wingi kuliko majimbo mengine. Lakini leseni zake zote za kulungu hutolewa kwa kura, na sehemu zake nzuri huhitaji alama zinazokusanywa kwa kuomba mwaka baada ya mwaka. Mwenyeji wetu hakuwa na alama hata moja. Maombi yake hufungwa mwanzoni mwa Aprili, na Idi ya mwaka huo ilikuwa siku za mwisho za Machi, kwa hiyo mlango ule ulikuwa unafungwa ilhali haluwa ya Idi ingali mezani. Akauacha upite.

Nevada ina fadhila moja kubwa: kiasi cha asilimia 80 ya ardhi yake ni ya serikali kuu, na mtu anaweza kuingia bila ya kumbembeleza mwenye shamba. Lakini leseni zake nazo ni za kura, wageni hupata chache, na kutoka Minneapolis mpaka milima yake ya kaskazini ni zaidi ya kilomita 2,000. Mama wa nyumba alipiga hesabu ya barafu na ya siku mbili barabarani, akalitia jina la Nevada msitari.

Ikabaki Wyoming, ambayo maombi ya kulungu kwa wageni hufungwa mwanzoni mwa Juni, na kwa hiyo kulikuwa na muda wa kwenda kuitazama. Wyoming huwagawia wageni leseni zake za kawaida kwa maeneo yaliyopewa herufi, na ukishachagua herufi umefungamana nayo. Herufi ipi? Hilo halikuweza kujibiwa juu ya busati. Katikati ya Mei, tukiwa tungali Minneapolis, tuliondoka watu wanne katika gari moja: mwenyeji wetu, mkewe, kijana wao, na sisi. Bi Mkubwa alibaki na dada wa jirani, akatufungia mahamri na kashata za njiani.

Kutoka Minneapolis mpaka mji wa Buffalo, chini ya Milima ya Bighorn, ni kiasi cha kilomita 1,300, karibu mara tatu ya Mombasa na Nairobi. Barabara hukata jimbo la South Dakota kutoka mashariki hadi magharibi. Nusu ya kwanza ni mashamba. Ukishavuka mto Missouri ardhi hukauka, miti ikatoweka, na mbingu ikawa ndiyo kitu kikubwa kuliko vyote. Hapo tulifahamu kwa nini watu wa huko husema habari ya umbali kwa saa.

Mashariki ya Wyoming, katika mji wa Gillette, tulisali adhuhuri na alasiri, kwa kupunguza na kukusanya, katika msikiti mdogo. Waliouanzisha ni ukoo wa wahamiaji kutoka pande za mpaka wa Afghanistan na Pakistan, ambao mtangulizi wao, Zarif Khan, alifika mji jirani wa Sheridan mwanzoni mwa karne ya 20. Alijulikana kwa kuuza tamale, chakula cha unga wa mahindi kilichofungwa katika maganda ya muhindi. Alipewa uraia, akanyang'anywa kwa sababu ya rangi yake, akarudishiwa mwaka 1954. Msikiti wake hauna mnara wala kuba, na kibla chake kinaelekea kaskazini-mashariki, tofauti na Mombasa ambako Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja. Tulimwambia kijana akihifadhi kichwani kibla hicho, kwa sababu huko mlimani hakuna muadhini wala mtandao wa simu, na mnyama atakayechinjwa ni sunna kuelekezwa kibla.

Nyika za mashariki zina kulungu wengi wanaoonekana barabarani, lakini zilianguka kwa swali la tatu. Sehemu kubwa ya ardhi ile ni ya watu binafsi. Mwindaji hana budi apate idhini ya mwenye ardhi, na wengi hutoza fedha. Mwenyeji wetu alikuwa na rafiki wa rafiki aliyemwambia kwamba ua ukianguka hapana mtu atakayekuuliza. Tulimwambia kwamba idhini haitafutwi kwa ua ulioanguka. Sisi watu wa pwani, ambao tumeyaona machozi ya watu walioamka wakakuta ardhi ya wazee wao imeandikwa jina la mwingine, hatupaswi kuwa wepesi katika mpaka wa mtu.

Kutoka Buffalo tuliipanda Milima ya Bighorn. Kilele chake kirefu, Cloud Peak, kina zaidi ya mita 4,000, na barabara yenyewe huvuka katika kilango cha karibu mita 2,950. Theluji ya Mei ilikuwa bado imelala pembezoni, juu kuliko paa la gari. Kisha barabara huteremka upande wa magharibi ndani ya bonde lenye kuta za mawe ya rangi ya mchanga, hadi katika kijiji kiitwacho Ten Sleep, maana yake malazi kumi: wenyeji wa asili walikuwa wakipima mwendo kwa idadi ya usiku watakaolala njiani. Wazee wetu nao walisema mwendo wa siku kadhaa, na tulilipenda jina hilo.

Hapo mlimani mke wa mwenyeji wetu alilitoa swali lake la kwanza. Alisimama ukingoni mwa bonde, akatazama chini, akamuuliza mumewe, "Ukimpiga pale juu akaangukia huku, nani atashuka?" Mumewe alinyamaza. Ndipo tulipoeleza, na tunaeleza tena hapa kwa kuwa wengi hawalijui.

Mnyama wa mwitu asiyeweza kukamatwa, dhabihu yake ni jeraha litakalomuua kwa kitu kinachopenya, kwa mkono wa mtu anayejuzu dhabihu yake. Kumtaja Mwenyezi Mungu wakati wa kupiga ni sunna iliyotiliwa mkazo kwa madhehebu yetu ya Shafi, na ni wajibu kwa wengine, basi asiache mtu. Wanavyuoni wa kale walikataza kilichouawa kwa tufe la udongo, kwa kuwa huua kwa kishindo. Risasi ya leo hupenya na kumwaga damu, na wengi wa wanavyuoni wa zama hizi wameihalalisha. Lakini mwindaji akimfikia mnyama angali na uhai uliothibiti, ni lazima amchinje kwa kisu. Akizembea mpaka akafa, ni mzoga. Na mnyama aliyepigwa kisha akaporomoka genge, akafa kwa jeraha pamoja na kuporomoka, haliwi, kwa sababu haijulikani kilichomuua. Kadhalika akiangukia majini, kama ilivyokuja katika hadithi ya Adi bin Hatim.

Mahali penyewe basi ni sehemu ya uhalali wa nyama. Mwindaji asiyekuwa Muislamu hutazama genge akaona taabu ya kubeba. Muislamu hutazama genge lile lile akaona shaka. Mahali pazuri kwake ni pale ambapo ardhi imelala kwa wastani, hapana miamba mirefu wala mto mkubwa, na mtu wa makamo mwenye magoti ya kawaida anaweza kumfikia mnyama kwa dakika chache na kisu mkononi.

Siku ya pili tulikwenda magharibi zaidi, maana huko ndiko zilikotoka zile picha za pembe. Tulipita Thermopolis penye chemchemi za maji moto, tukavuka ardhi ya makabila ya Shoshone na Arapaho, ambayo ina sheria zake na si ya kila mwenye leseni ya jimbo, kisha tukapita kando ya jangwa jekundu. Katika jangwa hilo ndiko wanakopisha baridi maelfu ya kulungu ambao ikifika machipuko hutembea kiasi cha kilomita 240 mpaka kwenye bonde la Hoback, kisha wakarudi. Safari hiyo haikujulikana na wataalamu mpaka walipowafunga wanyama mikanda yenye vyombo vya kufuatilia, na habari yake ikatangazwa mwaka 2014.

Karibu na mji wa Pinedale, mahali panapoitwa Trappers Point, wanyama hawa hulazimika kuikata barabara kuu. Mwaka 2012 yalikamilishwa hapo madaraja mawili ya juu na mapito sita ya chini, kwa ajili ya wanyama tu. Wasomaji waliopita Tsavo kwa reli mpya wameyaona mapito ya ndovu chini ya tuta, wataifahamu picha yake. Tulisimama mbali jioni ile, na tuliwaona: majike kumi na moja, wamekonda, mbavu zahesabika, wakilipanda daraja polepole huku masikio yao yakigeuka. Hapana aliyesema neno garini.

Majira ya baridi ya mwaka 2022 na 2023 yalikuwa makali mno katika pande hizo. Theluji ilikaa kwa miezi, na sehemu kubwa ya kulungu wa milima ya magharibi wakafa, na karibu watoto wote wa mwaka ule wakaangamia. Idara ya jimbo ilipunguza leseni, na kundi lingali likijirudisha. Zaidi ya hayo, pande nyingi za milima hiyo ni hifadhi pori ambazo sheria ya Wyoming haimruhusu mgeni kuwinda wanyama wakubwa ndani yake bila ya kiongozi wa leseni au mwenyeji mwenye kibali.

Mwenyeji wetu alituuliza usiku ule, kwa sauti ya chini, "Sheikh, serikali ikitoa leseni, si ni halali?" Tukamwambia ni halali, na hatuwezi kuharamisha alichohalalisha Mwenyezi Mungu, tena leseni huwa ni za madume, na kupungua kwa dume mmoja hakuangamizi kundi. Lakini si kila halali humpasa kila mtu. Mtu mwenye pahali pengine pa kupata riziki yake, kwa nini aende kuichota kwa walionusurika? Hakujibu. Asubuhi yake mkewe alitwambia kwamba ameifuta mwenyewe herufi ile daftarini.

Tulirudi kwa njia ya kusini, inayofuata reli. Hapo ramani ya ardhi ni kama ubao wa sataranji: pande moja ya umma, pande inayofuata ya mtu binafsi, kwa mamia ya kilomita. Mgao huo ulianza mwaka 1862, pale serikali ya Marekani ilipowapa wenye reli vipande vya ardhi kwa kuruka kimoja kimoja ili waijenge. Watu wamepata kupelekana mahakamani kwa ajili ya kuvuka kona baina ya kipande na kipande. Mama wa nyumba aliitazama ramani ile, akacheka, akaifunga.

Uamuzi ukawa ni mteremko wa magharibi wa Bighorn, chini ya yale magenge, penye vilima vya misitu midogo na ardhi ya umma inayofikika kwa gari. Madume wake si wale wa pichani. Lakini swali la kwanza lilijibiwa, na la tatu lilijibiwa.

Lilibaki la pili, na hilo halijibiwi kwa kuchagua mahali peke yake. Yapo maradhi ya kulungu yanayowadhoofisha polepole mpaka wakafa. Yaligunduliwa kwa mara ya kwanza Colorado mwaka 1967, na leo yameonekana katika sehemu kubwa ya Wyoming. Husababishwa na protini iliyopotoka umbo na kuuharibu ubongo, hayana dawa, na moto wa jikoni hauiui sababu yake. Haijathibitika kwamba mtu amepata kuambukizwa, lakini mamlaka ya afya ya Marekani hushauri mnyama atokaye katika sehemu zenye maradhi apimwe, na aliyepatikana nayo asiliwe. Zaidi ya hayo, Minnesota hairuhusu mzoga mzima wa kulungu kuingizwa kutoka nje. Nyama hukatwa huko huko, na kichwa na uti wa mgongo haviingii.

Muuguzi wetu aliweka sharti lake mbele ya mumewe, nasi tukawa mashahidi: hakuna atakayeonja, wala Bi Mkubwa, wala jirani, mpaka jawabu la kipimo lije. Na jawabu likiwa baya, nyama yote itatupwa, hata ikiwa imegharimu mshahara wa mwezi. Kuijua khatari kisha ukamlisha mtu asiyeijua si ukarimu, ni khiyana.

Sisi tulirejea Mombasa mwanzo wa Juni. Majibu ya kura yalitoka mwezi huo huo, na jina la mwenyeji wetu lilikuwamo. Oktoba tuliletewa habari kwa simu. Walikwenda yeye, kijana wake na yule ndugu Mmarekani, wamevaa vizibao vya rangi kali ya machungwa kama sheria inavyotaka. Siku ya kwanza walimwona dume mzuri juu ya ukingo wa bonde, wakamwacha, kwa sababu ya genge. Siku ya tatu, asubuhi, alipatikana dume wa makamo katika uwanda wa nyasi, hatua mia na hamsini kutoka kwao. Kijana alikimbia na kisu, akamkuta angali anapumua. Akamwelekeza kibla, akamtaja Mola wake, akamchinja. Huyu ni mtoto aliyezaliwa Minneapolis. Hukumu ambayo sisi tuliihifadhi ubaoni bila ya kuiona ikitendeka, yeye aliitenda mikono ikitetemeka.

Tezi za shingoni zilipelekwa kupimwa. Nyama, kiasi cha kilo 25 baada ya kuvuliwa mifupa, ikakaa katika friza ikiwa imebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono wa mama wa nyumba: *Isiguswe.* Bi Mkubwa aliuliza kila baada ya swala ya ijumaa kama barua imekuja. Ilikuja wiki ya tatu, na mnyama alikuwa salama. Ndipo alipokuna nazi. Sahani ya kwanza ilikwenda kwa yule dada wa jirani, ya pili kwa nyumba ya ndugu Mmarekani, na ya tatu akala mwenyewe, akaomba mfupa, akaambiwa mifupa iliachwa huko huko. Tumeambiwa alinuna siku nzima.

Enyi mama zetu na dada zetu, khasa mlio na waume na wana katika nchi hizo: wanaume wakitandika ramani, msiondoke busatini. Mapango, mito, mipaka na vipimo ni mambo yenu kwa sababu mwisho wake ni chungu chenu. Ulizeni kama mnyama atafikiwa, kama nyama yake ni salama, na kama ardhi ina ruhusa. Mahali ambapo maswali hayo matatu yamepata majibu mema, ndipo pa kuwinda, hata kama madume wake wana pembe fupi.

Mwenyezi Mungu aturuzuku kilicho halali na kizuri, sisi na walio mbali nasi. Amin.